Majembe ya Jumatatu

Watu wakisikia ninatoka Kagera hucheka na kusema, "Kumbe Mhaya! Ndiyo maana unajisifu." Mimi si Mhaya. Mimi ni Mnyambo wa Kyerwa niliyeolewa na Mhaya wa Muleba, kwa hiyo majisifu nimeyakuta ndoani, sikuzaliwa nayo. Hata hivyo leo nitajisifu, tena bila kuomba radhi. Nimeandika riwaya. Nimeiandika Nkwenda, kwenye kaunta ya gesti yetu, kati ya mgeni anayeulizia maji ya moto na mnunuzi wa maharage anayetaka risiti. Nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi mpaka mume wangu akaniuliza kama kitabu hicho kinaandikwa au kinafuliwa.

Nilimjibu kwamba kinafuliwa. Sikuwa natania. Kuandika mara ya kwanza hakuchoshi, kwa sababu mtu unaandika umepandwa na kichaa, na mwenye kichaa hasikii miguu kuuma. Kazi ni kurudi. Unairudia sentensi uliyoipenda mwezi uliopita mpaka ukaitamka mbele ya kioo, unaikuta imechacha. Unaitupa. Jioni unajuta, unaitafuta, unagundua kwamba ulifanya vizuri kuitupa. Mtu asiyeweza kujitupia vitu vyake mwenyewe, huyo awe mtunza ghala, asiwe mwandishi.

Wachapishaji wangu wako Dar es Salaam. Mhariri waliyempa muswada wangu ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza, anayeniita Mama kwenye simu na kuniumbua kwenye karatasi. Pembeni mwa kurasa aliweka maswali yake kwa rangi nyekundu. "Huyu alijuaje?" "Hili tumeshaambiwa." "Je, tunamhitaji shangazi?" Lile la shangazi liliniuma siku nzima, nikawa najibu wageni kwa ukali bila sababu. Kesho yake nikasoma upya nikaona kwamba kweli hatumhitaji. Nikamfuta shangazi wa watu pamoja na kitenge chake kipya na maneno yake yote ya busara, na hakuna sura iliyotetereka. Binti yule anajua kazi. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namsema vibaya huko mbele.

Mhariri wangu mwingine alikuwa mama yangu, na yeye yuko Kamuli, kwenye kibanja, shamba la migomba alikoolewa. Macho yake hayasomi tena. Kiswahili chake ni cha kanisani na cha sokoni. Akiwa kwake anasema Kinyambo, na mtu akimletea Kiswahili kirefu anamwambia apumzike kwanza. Lakini riwaya alitaka kuisikia. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada nilipanda pikipiki na kurasa zangu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikamkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya jiko, mkungu umekatwa, kisu kiko mkononi. Yeye anamenya ndizi, mimi nasoma.

Sikumwuliza maoni yake. Nilikuwa naangalia kisu. Kisu kikienda mwendo wake, ukurasa ni wa kawaida. Kikipunguza mwendo, kuna kitu. Kikisimama kabisa na ndizi ikabaki mkononi imemenywa nusu, najua hapo sigusi tena hata nukta. Akianza kuniuliza kama nimemwona yule kuku wake mwenye shingo nyekundu, napiga mstari mrefu kuanzia juu hadi chini. Sijui waandishi wa mijini wanatumia njia gani, lakini mimi kwa njia hiyo nimewaokoa wasomaji wangu na mengi.

Tatizo lake moja ni kwamba kwa mama hakuna mtu wa kubuni. Watu wa kwenye kitabu wote wanaishi mahali fulani, pengine Kiruruma, pengine mbele kidogo. Kijana mwongo wa sura ya nne mama alimchukia mpaka akaniambia nisithubutu kumleta pale nyumbani. Yule binti, mhusika wangu mkuu, mama alimwombea kanisani. Nilicheka sana. Nilimweleza kwamba nimewatunga kichwani, akaniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayesema ameona simba nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na sura moja tu asiyotaka kuisikia. Katika sura ya kumi na moja baba wa yule binti anafariki. Nilipofika hapo mara ya kwanza na kusoma mstari wa juu, mama alisema, "Iruke hiyo." Nikairuka. Nilijua sababu.

Baba yangu alipofariki mama hakuwepo. Alikuwa Mwanza amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, hawezi hata kugeuka kitandani bila kushikwa. Madaktari walikataa katakata asafirishwe. Tulimsubiri kaka yangu mkubwa atoke Dar es Salaam, tukasubiri tena kuona kama daktari atalegeza moyo, mwishowe baba zangu wadogo wakaamua tuzike. Mama aliporudi Kamuli alikuta kaburi limeshajengewa, maua yamekauka. Alisimama hapo na mikongojo yake, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa msiba, akaingia ndani. Hakuniuliza neno lolote kuhusu siku zile, nami sikumwambia. Ndivyo tulivyoishi. Sura ya kumi na moja ilikuwa imeyabeba mengi ya siku zile, mengine kama yalivyokuwa, mengine nimeyageuza.

Basi sura hiyo ikasahihishwa bila kisu cha mama. Ilisahihishwa na mhariri na mimi peke yetu.

Mhariri aliandika pembeni: "Mama, mzee anafariki Jumamosi na anazikwa Jumapili. Watoto walioko mbali wanafikaje?" Swali zuri. Nikayasogeza maziko hadi Jumatano, nikamwongeza kaka anayekuja kwa basi, nikarekebisha chakula, nikarekebisha hata mwanga wa mwezi. Nilijiona fundi. Na katikati ya sura hiyo ulikuwepo ukurasa nilioupenda kuliko yote niliyowahi kuandika tangu nijue kushika kalamu. Ulikuwa ukurasa wa Jumatatu alfajiri. Binti anaamka na majonzi yake, anasikia majembe yanalima kilima kizima, la karibu linagonga udongo mzito, la mbali linasikika kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, na ng'ambo ya bonde kuna mzee anayepiga jembe moja na kukohoa mara moja, jembe na kikohozi, jembe na kikohozi. Binti anaelewa kwamba dunia haijasimama kwa sababu ya baba yake, na anaanza kulia upya.

Kile kikohozi nilikiazima. Ng'ambo ya bonde kwetu yupo mzee, rika la baba, rafiki yake tangu ujana wao, na kila mtu Kamuli anajua anavyokohoa.

Ukurasa ule niliung'arisha. Nilibadilisha "linapiga" kuwa "linagonga", nikarudisha "linapiga", nikarudi tena kwenye "linagonga". Nilitoa kivumishi kimoja baada ya kingine mpaka zikabaki sauti tupu. Mhariri alipousoma aliniandikia ujumbe kwamba amelia ofisini, na kwamba wameamua mistari ile ndiyo itakayowekwa nyuma ya jalada. Nilimsomea mume wangu ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyohitaji. Akasema, "Sasa umeshakuwa Mhaya kamili."

Prufu, kurasa za kusahihisha mara ya mwisho, zilipokuja nilikwenda kuzichapa pale steshenari, zikatoka rundo zito lenye joto, jina langu liko juu ya kila ukurasa wa kushoto. Zilikuwa zimebaki siku chache kitabu kwenda mtamboni. Nikawaza kwamba haifai watu wa Tanga na Mbeya wasome habari ya maziko yale kabla mama hajaisikia. Jumapili ile nilimwambia hivyo. Alichagua ndizi, akasema kwa Kinyambo kwamba uzee umeshamfikisha mahali pa kuacha kuogopa, nisome.

Nikasoma. Mzee akafariki Jumamosi, mama akaendelea kumenya. Yowe likapigwa, watu wakaja, nyasi za kukalia wafiwa zikatandazwa ndani, kisu kikapunguza mwendo. Nikaingia kwenye ukurasa wangu wa Jumatatu. Nilisoma polepole, nikiupa kila neno nafasi yake. Kisu kikasimama. Ndizi ikabaki mkononi. Moyo wangu ukajaa, nikajisemea, umeona? Hata yeye.

"Walilima?" mama aliuliza.

"Nani, mama?"

"Hao. Mwenye mji yuko ndani hajazikwa, nje watu wanalima?"

 Nilirudi nyuma kwenye karatasi. Jumamosi amefariki. Jumatano anazikwa. Jumatatu kilima kizima kinalima.

Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba kwetu jembe halishuki ardhini maiti ikiwa haijafunikwa. Hakuna anayetangaza. Yowe likisikika, aliye shambani anaweka jembe chini, na kilima kinakuwa kimya mpaka udongo urudishwe kaburini. Mvua ikinyesha, inanyesha bure. Mtu akionekana analima siku hizo, ana maana yake, na maana yake ni kwamba amefurahi. Hili ninalijua tangu ningali nabebwa mgongoni. Katika muswada wa kwanza Jumatatu ilikuwa kesho yake baada ya maziko, na majembe yalikuwa na haki ya kulima. Nilipoyasogeza maziko mbele, majembe niliyaacha palepale, nikaendelea kuyang'arisha.

"Mama, nimekosea," nilisema. "Mwanzo alikuwa anazikwa Jumapili. Nikayasogeza maziko."

"Maziko yanasogezwaje?"

"Kwenye kitabu, mama. Ni hadithi tu."

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Mimi sikuwepo. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Na huyo anayekohoa ninamjua."

Nilieleza tena. Nilieleza kwa Kiswahili nikaeleza kwa Kinyambo. Nilimwapia kwamba siku zile hakuna aliyelima. Aliniambia kwamba mdomo unaweza kumfariji mtu kwa lolote, na kwamba miaka yote hii alikuwa akijiuliza kwa nini sitaki kumsimulia, kumbe ndilo hili nilikuwa namficha. Kisha akaingia ndani na kuacha ndizi kwenye beseni. Nilizimalizia mimi, vibaya, na nikazipika, na hakuzila.

Siku chache baadaye simu yangu iliita nikiwa kaunta. Alikuwa yule mzee wa ng'ambo ya bonde. Alikohoa kwanza, ndipo akasema.

"Mwanangu, mama yako nimemkosea nini? Nimemsalimia njiani akageuza shingo. Nimempelekea mbegu za maharage, amezirudisha na kikapu chake."

 Nilimwambia nitakuja.

Lakini kabla ya kwenda nilimpigia mhariri, maana prufu zilikuwa zinasubiriwa. Nilimweleza kwamba ukurasa wa Jumatatu lazima utoke. 

"Mama, ule ukurasa ndio uko nyuma ya jalada. Jalada limeshapangwa."

"Lipangeni upya."

"Nimekuelewa kuhusu mila. Lakini, kwa heshima, msomaji hatajua. Hata mimi sikujua."

"Wa kwetu watajua."

"Wa kwenu ni wangapi kati ya watakaosoma?"

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Hazikumlenga yeye, kwa kuwa swali lake ni swali la haki kwa mtu wa kazi yake. Nilikasirika kwa sababu na mimi nilishajiuliza hivyo hivyo tangu asubuhi, nikiwa naupenda ukurasa wangu. Nilimwambia: "Mwanangu, jina langu la pili pale kwenye jalada ni la baba yangu. Siwezi kuweka jina lake mbele na majembe nyuma yake." Sikuwa nimeipanga sentensi hiyo. Ilitoka yenyewe, na mpaka leo naiona ni bora kuliko nyingi nilizozihangaikia. Mhariri alisema atawaomba wa mtambo wasubiri kidogo, lakini nafasi niliyoiacha lazima ijae, ukurasa kwa ukurasa, la sivyo sura zote zinazofuata zitahama.

Kwa hiyo nilikuwa na shimo la ukurasa mmoja na mama aliyegombana na jirani kwa sababu yangu. Nilipanda pikipiki.

Mzee nilimkuta anaanika kahawa mbele ya nyumba. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, akanipa kigoda. Nilimsimulia yote, na habari ya kikohozi sikuiacha. Nilitegemea acheke au akasirike. Aliendelea kuchambua kahawa kwa vidole, akitupa pembeni zilizooza.

"Kwa hiyo kwenye kitabu mimi nalima," alisema.

"Ndiyo, baba. Nitakutoa."

"Wewe unakumbuka nilikuwa wapi?"

Sikukumbuka. Siku zile nilikuwa ndani na akina mama, kwenye nyasi, nimeshika simu nikibishana na madaktari wa Mwanza. Ya nje sikuyaona. Niliandika sura nzima ya maziko, na nusu ya maziko yenyewe nilikuwa siijui.

Akaniambia. Mvua ya kupandia ilikuwa imeshuka, mvua nzuri, na yeye alikuwa katikati ya tuta la maharage aliposikia yowe kutoka kwetu. Alilichomeka jembe palepale lilipofika, akavuka bonde. Hakurudi kwenye tuta lile mpaka tulipozika. Mvua ikanyesha siku zote hizo, ardhi ikawa tayari kabisa, na hakuna mtu wa kilima kile wala cha kwetu aliyegusa shamba. Jembe lake likasimama kwenye tuta mpaka likashika kutu. Maharage ya msimu ule yalichelewa, yakapigwa na jua.

"Jembe pekee nililolishika siku zile," alisema, "ni la kuchimbia kaburi la baba yako. Nalo nililiazima hapo hapo kwenu."

Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hilo. Alisema niandike, lakini nimpunguzie kukohoa.

Sitasema uongo kwamba ukurasa mpya ulikuja kirahisi. Nilishazoea sauti, sasa nikatakiwa kuandika kimya, na kimya hakina vitenzi vingi. Nilikaa kaunta asubuhi nzima. Mgeni mmoja alidai nimempa ufunguo usio wake, ikawa kweli. Niliandika binti anaamka Jumatatu na kujiuliza kwa nini alfajiri ile ina kasoro, kisha anatambua ni nini hakisikiki. Anatoka nje. Mvua imenyesha, vilima vimekaa tayari, havina mtu. Ng'ambo ya bonde, katikati ya tuta lililoishia nusu, kuna jembe limesimama peke yake. Jioni anamwona mwenye jembe hilo nyuma ya nyumba yao, ndani ya shimo linalomfikia kifuani, anachimba. Basi. Sikuweka zaidi. Nilifuta neno "majonzi", nikafuta "kimya" lenyewe kila lilipotokea, likabaki moja.

Ukurasa wa zamani ulikuwa na maneno matamu kuliko huu. Sijifichi, na kama kuna mtu atakayenilaumu kwa kuutoa, nakala ninayo. Lakini huu mpya ninajivunia kwa namna ambayo sikujivunia ule. Ule ulinisifu mimi. Huu unawasifu watu wa Kamuli, na baba yangu aliyestahili kuachiwa mvua nzuri ipite bure. Mhariri alipoupokea hakuniandikia kwamba amelia. Aliandika: "Tumebadilisha jalada." Nikamsomea mume wangu. Safari hii hakunitania.

Jumapili iliyofuata nilimpitia yule mzee, nikamleta kwa mama. Nilimwonya kwamba anaweza kufukuzwa. Alisema amezeeka, kufukuzwa ni mazoezi. Mama alipotuona alikaza uso, lakini mgeni ni mgeni, akampa kiti na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akamwekea mbali kidogo ili ainame. Alimwitikia salamu kwa nusu sauti. Nikasema nimekuja kusoma ile sura, imesahihishwa, nao wasikilize wote wawili.

Nilianza mwanzo kabisa wa sura ili nisimwonee. Yowe, watu, nyasi. Nilipofika Jumatatu nilishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma jembe lililosimama kwenye tuta. Nikasoma shimo na mtu aliye ndani yake. Nikaendelea hadi Jumatano, hadi udongo wa mwisho, hadi watu walipoondoka, kisha nikaziweka karatasi chini. Mzee alikuwa anatazama mikono yake.

Mama alimgeukia.

"Shemeji, hilo ni kweli au ni la huyu?"

"Ni kweli."

"Ni wewe uliyechimba?"

"Vijana walisaidia. Lakini niliyeanza ni mimi, na niliyemaliza ni mimi."

"Udongo ulikuwaje?"

"Laini. Mvua ilikuwa imeulainisha."

 Mama alipitisha kiganja kwenye goti la mguu ule wa upasuaji, akakipitisha tena. Alipouliza swali lililofuata, aliliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayejaribu ngazi kabla ya kuikanyaga.

"Na maji? Mlimlaza kwenye maji?"

"Hapana, shemeji. Tulifunga turubai juu tangu jembe la kwanza. Nilishuka mwenyewe nikapapasa chini kwa mkono kabla hatujamshusha. Palikuwa pakavu."

Mama alishusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha yatoke. Alisema kwamba huko Mwanza alisikia mvua ikipiga bati la wodi, akajua na Kamuli inanyesha, na tangu wakati huo, kila mvua inaponyesha, yeye hulala akiwaza maji. Miaka yote. Mimi mwanawe, mwandishi, nilikuwa nakuja kila Jumapili na kurasa zangu, na sikuwa nimejua.

"Ahsante kwa kumchimbia," alimwambia.

"Na yeye angenichimbia," alijibu mzee, akainama kuchukua kahawa. Mama akakisogeza kisahani karibu naye.